Kisu cha Mfaransa kilivyonipokonya baba mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasikeu, ambako mvua inaahidi tu.

Ninayosimulia hapa ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa makamo. Nina degree ya historia, na huandika makala ambazo mke wangu husoma akitafuta usingizi.

Nina mwanyumba anayeitwa Muli. Kwa wasiolijua neno hilo, mwanyumba ni yule aliyemwoa dada ya mke wako. Mnapimwa kwa mizani moja maisha yenu yote, na anayeishika mizani ni baba mkwe.

Baba mkwe wetu ni mfugaji, yuko Nuu. Mimi ndiye mkwe wa kwanza. Kwa miaka mingi tukichoma mbuzi pale, kukata nyama ilikuwa kazi yangu, na kiti kilicho karibu na mzee kilikuwa changu.

Mtu asiye na mwanyumba ataona hilo ni jambo dogo.

Sasa, Muli anafanya kazi na kampuni ya maembe huko Makueni. Wakamtuma Ufaransa kwa mafunzo, na aliporudi akamletea mzee kisu.

Hakikuwa kisu cha jikoni. Kilikuwa cha kukunja, mpini wa pembe ya ng'ombe, mgongoni kimekaliwa na nyuki mdogo wa chuma. Mzee alikifungua akakifunga, akakifungua tena, akitega sikio asikie kinavyolia.

Siku hiyo nyama ilikatwa na Muli. Mimi nilitumwa chumvi.

Wakuu, nilileta chumvi.

Nikarudi nyumbani nikanunua bundles, nikaanza kusoma historia ya visu vya Wafaransa. Sababu rasmi ilikuwa makala. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimesikia kuwa jina la kijiji chenye visu hivyo, Laguiole, halikuwahi kulindwa vizuri, na vingi vinavyouzwa kwa jina hilo hutengenezwa Asia. Nilitaka kulisema hilo mbele ya watu, kwa sauti ya masikitiko.

Mke wangu akaniuliza, "Unasoma nini hivyo mpaka chai inapoa?"

"Historia."

"Ya Muli?"

Nikainywa chai ikiwa baridi.

Tulipokutana tena Nuu, nyama ikiwa motoni, nikaanza. "Muli, una hakika hicho kisu ni original? Siku hizi vingi vinatoka Asia."

Muli akacheka. "Mkubwa, nilikinunua pale pale kijijini. Fundi alikuwa anasugua mpini nikimwangalia."

Mwenye busara angeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na aliyesoma hawezi kurudi nyumbani na shehena yake.

Nikawaeleza kuhusu mji mwingine wa huko, Thiers, ambako visu vimetengenezwa kwa karne nyingi. Mmoja alifua chuma, mwingine akanoa, wa tatu akafunga mpini. Wanoaji walilala kifudifudi juu ya mbao, mawe yakizungushwa na nguvu ya mto, na kwa sababu ya baridi waliwalaza mbwa juu ya miguu yao wapate joto.

Nia yangu ilikuwa kuonyesha kwamba kisu ni jasho la maskini tu, hakina fahari yoyote.

Mzee akaacha kutafuna. "Mbwa?"

"Mbwa, mzee."

"Juu ya miguu?"

"Juu ya miguu."

"Hao ni watu wenye akili," akasema, akakipangusa kisu kwenye suruali.

Kisha akauliza ule msumari mrefu uliokunjwa ubavuni ni wa nini. Muli akasema labda ni wa kutoboa mshipi. Wakuu, hapo ningenyamaza tu! Lakini mtu akikosea historia mbele yangu, mdomo hufunguka wenyewe. Nikasema ulikuwa wa wachungaji: ng'ombe akila majani mabichi akavimba tumbo, walimtoboa ubavuni hewa itoke.

Mzee alikitazama kile kisu kama ndugu aliyepotea.

"Mimi nimetoboa ng'ombe kwa kisu cha kawaida," akasema polepole, "na mmoja akanifia mkononi. Kumbe wenzangu walikuwa na chombo chake."

"Hata mimi sikujua," Muli akasema. "Asante sana, mkubwa."

Na alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Muli ni mtu mzuri.

Nikabakiwa na risasi moja. Nikasema kwa Wafaransa kisu hakitolewi bure. Anayepewa humrudishia mtoaji sarafu, la sivyo kisu hukata upendo kati yao. "Na hapa," nikasema nikitikisa kichwa, "sijaona kilichorudishwa."

Mzee akafikiri. "Sarafu ni ya watoto."

Akainuka mwenyewe, akaenda zizini, akarudi anamvuta mbuzi jike mchanga. Akamkabidhi Muli kamba.

Wakuu wa Ukambani mmeshanielewa. Kwetu mbuzi huenda upande mmoja tu, kutoka kwa mkwe kwenda kwa mzee. Nilipeleka wa ntheo, wale wa kufungua posa, nikapeleka na wengine baadaye, na sijaona hata mkia ukirudi. Sasa mmoja amerudi, kwa mkwe mwingine, na aliyemfungulia zizi ni mimi.

"Umefanya vizuri kutuambia, mwalimu," mzee akasema. "Tungeharibu undugu bila kujua."

Siku hizi wageni wakifika Nuu, mzee hunipigia simu nije niwaeleze habari za wale mbwa. Muli hukata nyama. Mimi huhutubu, na yangu hupoa.

Nilichojifunza: ukikionea wivu kitu cha mwenzako, usikisomee. Utaishia kukipenda, ukikieleza utakipandisha hadhi, na bado si chako. Nimewahi kuomba nikishike mara moja. Kinafungika vizuri sana.

Wenye wanyumba, semeni hapa chini mnaishi nao vipi. Wale wa kuniambia niridhike na nilichonacho, tafadhali subirini wengine wamalize.

Jana Muli alituma picha kwenye grupu ya familia. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike.

Nimeweka like.