Kamera ya Siku ya Kupamba

Abdulrahim aliporudi Bodo kutoka melini, mwaka wa tisini na saba, alimwekea dadake kamera mbili mkekani: moja ndogo ya kutia mfukoni, nyingine kubwa yenye lenzi ya kuzungusha.

“Chagua moja, dada. Hiyo ndogo ndiyo ya kike.”

“Ya kike!” Bimkubwa akaitwaa ile kubwa papo hapo. Yeye ndiye aliyepiga picha za mabibi harusi siku ya kupamba, kwenye ukumbi wa wanawake ambamo mwanamume hatii mguu, miaka yote kwa kamera ya kuazima.

Harusini kwa Bushra, wanawake walikuwa wameshavua mabuibui na nyimbo zimepamba moto. Bimkubwa akatokea mlangoni, kamera usoni. Ukumbi mzima ukapiga ukelele, leso zikafunika vichwa. Kamera kama ile walizoea kuiona kwa wanaume wa studio za Ukunda tu.

“Mnajificha nini?” akafoka, akiishusha. “Ni mimi!”

Vikapasuka vicheko, kisha vigelegele. Hata Bushra, aliyeagizwa ainamishe macho, akainua kidevu.

Tangu siku hiyo, kamera ile ikichungulia mlangoni, ndipo wanawake wa Bodo huvua mabuibui.