Wanataka niombe radhi kwa kilichosemwa redioni

Admin, usiweke jina langu wala la kijiji, huku Karatu tunajuana wote. Mimi ni bibi wa miaka sitini na kitu, mjane tangu ujanani. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mume wangu alikuwa dereva wa lori la kijiji. Siku moja alipeleka watu mnadani huko Ngorongoro na jioni hakurudi, nikadhani wamelala huko huko. Kesho yake nilikuwa kwa jirani tunachambua maharage, redio inaongea. Msomaji akasema watu kadhaa wamefariki baada ya lori kupinduka kwenye mteremko wa kuja Karatu, chanzo ni uzembe wa dereva, ambaye naye amefariki papo hapo. Kisha akaendelea na habari za pamba. Jirani alinitazama, akazima redio. Hivyo ndivyo nilivyoupokea msiba wangu.

Jamani, mtu mzima mzima anamalizwa kwa neno moja! Hawakusema kwamba kwenye mteremko ule mume wangu alikuwa haongei, hata umtanie vipi. Hawakusema alishalalamikia breki zile mpaka akachoka, na spea hazikuwepo. Asubuhi ile tuligombana kwa ajili ya paa linalovuja, akaondoka bila chai, halafu akarudi mlangoni. "Nikirudi nitapanda juu mwenyewe. Usinune basi."

Utingo wake alipona. Alikuja akasimama nje ya ua, akaniita kwa mbali. "Shemeji, breki zilikataa. Mimi niliruka. Nikamwambia na yeye aruke, akasema, 'Na hawa wa juu nimwachie nani?' Akalilaza lori upande wa mlima. Lingeingia bondeni asingebaki mtu."

Alisimama mbali kwa sababu kwetu Wairaqw, enzi zile, nyumba iliyofiwa vile ilitengwa. Huombi moto kwa jirani, hukanyagi kwa mtu, hata ng'ombe wako hawanywi maji pamoja na wa wenzako. Nilifungiwa na ukweli wangu ndani, na ile taarifa ikitembea kijijini peke yake. Utingo alijaribu kuwaeleza watu, wakamwambia anamkingia bosi wake. Akahamia Baray, akafia huko. Niliporuhusiwa kutoka, hata watoto walishajua kwamba mimi ni mke wa yule mzembe. Nilichoka kubishana, nikalima shamba langu.

Sasa mjukuu niliyemlea mwenyewe ameposwa. Wamependana bila kujua kwamba babu wa kijana alikufa kwenye lori lile. Wazee wao walikuja kwa heshima, wakanywa chai yangu, ndipo msemaji wao akasema, "Mama, binti hatumkatai. Uje Jumapili mbele ya ukoo, useme mumeo alituua kwa uzembe, uombe radhi, tufunge jambo hili." Nikawaeleza habari za breki. Wakainama. Mmoja akasema, "Ilitangazwa, mama."

Siwachukii. Bibi yao naye alibaki na watoto wadogo kama mimi. Mzee wao hata uzembe hakupewa, aliingizwa tu kwenye "watu kadhaa".

Mjukuu wangu analia kila siku. "Bibi, sema tu yaishe. Babu keshakufa, haumii." Ninayeumia ni mimi, na yeye simwezi kwa machozi.

Nikikataa, mtoto anakosa ndoa kwa ajili ya marehemu ambaye hakumwona. Nikikubali, hakuna aliyebaki duniani wa kusema kwamba mume wangu angeweza kuruka na hakuruka. Taarifa ile nitakuwa nimeisoma mimi, kwa mdomo wangu.

Jumapili ndiyo hii inakuja, na kitenge cha kuvaa nimeshapiga pasi. Wanangu, niambieni: niende nikamkane mume wangu, au nikae nimvunjie mtoto ndoa?