Uzi Mwekundu Chini ya Mkanda

Watu hudhani fundi hupima kwa futi tu. Mimi nimeshona sare za shule hapa Gisenyi miaka mingi, hata mtoto akipita barabarani nayajua mabega yake. Mungu ndiye aliyenipa jicho hilo, nami namshukuru.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vya pili vya ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, vimekwisha kuanza. Dada yangu mdogo, mjane wa Goma, alivuka mpaka kila asubuhi kuja kunisaidia kupinda nguo kwenye baraza langu karibu na msikiti. Mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka kumi hivi, alikuwa ameondoka na watu waliotafuta wabebaji wa machimboni. Hakurudi. Tulimwombea kila swala, na sare ziliendelea kushonwa.

Siku moja akaja mfanyabiashara, mtu mcheshi. Akaweka mezani simu ya mkononi, ya kwanza niliyoiona kwa karibu, akaagiza mifuko ya turubai ya kubeba mgongoni.

"Ya kimo gani?" nikamuuliza.

"Ya mutoto wa mwaka wa tatu wa shule, Mzee. Si we unashonea shule zote? Macho yako ni metre tosha."

"Ya vitabu?"

Akacheka. "Majiwe! Kule kwenye shimo watasomea wapi?" Akaigonga ile simu kwa ukucha. "Bila hiyo majiwe, hii haisemi kitu. Bon, nirudi lini?"

Nikamwambia sitashona. Sikupandisha sauti. Chuoni, nilikosomea Kurani, nilifundishwa kwamba anayesaidia dhuluma kwa mkono ataulizwa kuhusu mkono huo.

Dada akaweka sindano chini. "We unafika kule kwenye machimbo?"

"Kila juma, Mama."

"Mutoto wangu iko kule. Jino lake la mbele lilivunjika."

"Mama, kule meno mazima ndiyo haba." Halafu akaliangalia turubai alilokuja nalo. "Mifuko ikipatikana, mi nitamuuliza."

Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, dada alikuwa ameketi kwenye cherehani yangu, na mfuko wa kwanza umeshakatwa.

"Yaya," akasema, kama wadogo wa Goma wanavyowaita wakubwa wao, "usinisomee aya. Nishikie turubai."

Nikalishika. Ni kitambaa kizito, mtu mmoja hakiwezi. Nangoja hadi leo nijue nilihisi nini saa ile. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu ilikuwa inafanya kazi.

Nyumbani kwake nguo za mwanawe zilitiwa alama ndani ya kola, mishono miwili ya uzi mwekundu iliyokatana, zisichanganyike na za majirani kwenye kamba ya kuanikia. Sasa akatia alama ileile chini ya mkanda wa kushoto wa kila mfuko, pale unapolalia bega.

"Akiugeuza ataujua mukono wangu," akasema.

Mifuko ikaenda. Baada ya majuma machache mfanyabiashara alirudi na baadhi ya mifuko ileile, imechanika, akataka ishonwe upya. Kuhusu mtoto, alisema ameuliza. Dada aliketi sakafuni akageuza mkanda mmoja baada ya mwingine. Alama zilikuwepo, zimejaa tope jeusi. Kisha akafika kwenye mfuko ambao haukuwa na alama, matundu ya sindano tu.

"Ameutoa," akasema. "Yaya, ameutoa ili nijue. Iko muzima."

Akanipa niuangalie. Nikaupeleka mlangoni penye mwanga. Uzi uliotolewa kwa mkono huacha tundu safi. Pale turubai lilikuwa limelika na kulegea, na ncha fupi nyekundu zilikuwa bado zimekwama ndani. Uzito ndio uliokuwa umeukata, kwenye bega la mtoto nisiyemjua.

Dada alikuwa ananitazama usoni.

"Alhamdulillahi," nikasema.

Akauchukua mfuko, akatafuta uzi mwekundu koponi, akaanza kuweka alama mpya. Mimi nikashika turubai.