Friji Lililofungwa

Mama alipokatwa kidole cha mguu, daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba sukari isiposhuka, kitakachofuata ni mguu wenyewe. Nikaitikia. Nilitoka pale nikapitia sokoni Korogwe, nikanunua mchicha, bamia na nyanya chungu, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani. Sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, nami nikawaacha waseme.

Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Sindeni ili awe karibu na kliniki. Friji langu likabadilika. Mlangoni, palipokuwa pa mayai, nikaweka insulini yake. Chini mboga, juu maharage ya kuchemsha yasiyo na nazi, mtindi usiotiwa sukari, matango. Bada nilimpikia, maana bila ugali wa muhogo mama hahesabu kwamba amekula, lakini matonge yake niliyachunga. Alikula ameinamisha kichwa, kama mtoto anayemaliza dawa.

Balaa lililetwa na wageni. Kwetu huendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Ukifika unafungua ulichobeba, mgonjwa anaonja mbele yako, unaondoka moyo umetulia. Basi wakawa wanashuka stendi na soda, juisi za maboksi, ndizi mbivu, mikate. Nikamwambia mama asiguse.

"Mwenzangu ametoka Sindeni na jua lote hili," akanijibu. "Nimwambie sinywi? Ataona nimemkataa yeye."

Kilichobaki nilikiingiza frijini. Kutupa kitu ambacho mtu amekuja nacho kumpa mgonjwa pole sikuweza, majirani wangeniona nimerukwa na akili. Kwa hiyo dawa ya mama na sumu yake zikakaa nyuma ya mlango mmoja, na nikienda kazini mama anaufungua. Kipimo cha asubuhi kilinieleza kila kitu. Sikumgombeza. Friji lilikuwa na tundu la ufunguo ambalo sikuwahi kulitumia. Nikawa namwachia chakula cha mchana mezani kwenye hotpoti, nalifunga friji, ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga.

Haikupita wiki, akaja mama mmoja aliyekuwa jirani yetu Sindeni, nami sipo. Mama akataka kumpa walau maji ya baridi. Akavuta mlango wa friji, ukagoma. Mgeni akaona. Kabla sijarudi, habari zilikuwa zimeshafika Sindeni kwa simu kwamba nimemfungia mama yangu mzazi chakula. Nilipoambiwa, nilijua kwamba jambo hili linapaswa kuniuma. Nilisubiri liume, halikuuma. Nikaendelea kukata bamia.

Jumamosi akaja mjomba, mdogo wake mama. Shikamoo yangu aliiitikia huku akiliangalia friji.

"Dada, fungasha twende nyumbani," akasema. "Sisi hatuna kitu, lakini chungu chetu hakina kufuli."

Nilijua mama akirudi kule atapewa chai ya sukari kwa upendo, asubuhi na jioni, mpaka mguu uondoke. Maneno ya kumweleza mjomba nilikuwa nayo. Sikuyatoa. Nilisimama tu pale nikiona mama yangu anachukuliwa.

Mama akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyemwambia afunge," akasema. "Mkono wangu naujua mwenyewe. Usimseme mtoto."

Ulikuwa uongo, na mama uongo haumkai. Nadhani mjomba aliugundua, lakini dada mkubwa akishasema, mjadala umekwisha. Alikunywa chai yake, akatuaga, akaenda kuwahi basi.

Tukabaki wawili. Nilijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kupiga magoti nimshukuru mama, hata nilipima kwa macho pale sakafuni pa kuweka goti. Nikamuuliza kama ana kiu. Nikafungua friji, nikamletea maji. Akayanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Aliisema kwa sauti ileile anayozungumza nayo na manesi. Mguu wake upo mpaka leo. Tangu siku ile hajawahi kuniomba kitu cha kula.