Kifua Nilichomushonea Rafiki Yangu

Mama mwenye unajibu barua za ukurasa huu, ficha jina yangu. Mutaa siufichi, ni Murara, watanitafuta mpaka wachoke. Niko na miaka makumi mbili na mbili, sijaolewa, ninakaa kwa wazazi wangu hapa Goma. Mwili wangu ni mudogo. Si ugonjwa, ninakula vizuri, ni vile Mungu alinikata: mabega ya mutoto, kiuno cha mutoto, na kifuani ni ubao. Mama yangu mudogo akija kutusalimia ananiuliza kama nimekwisha kupata komunio ya kwanza, na watu wote wa nyumba wanacheka.

Rafiki yangu, tumuite Godeliva, alikuwa ubao kama mimi. Hiyo ndiyo ilitufanya marafiki. Tukiwa wasichana tulikuwa tunashuka kwa ziwa, upande wa Himbi, kukamata vile vidudu vyeusi vinavyozunguka juu ya maji, sababu dada zetu walisema kimoja kikikuuma kwenye titi, titi linaota. Vilituuma kweli. Tulilia, tukavimba, tukafurahi, kesho yake uvimbe ukashuka tukabaki vile vile. Tulicheka pamoja, na sikuona uchungu, maana nilikuwa na mwenzangu.

Kisha nikajifunza kushona kwa masista. Mukono wangu ni mwepesi, hata sista anasema. Siku moja nikipita njiani niliona sutien, ile nguo ya ndani ya kushika matiti, ya bibi mumoja wa muzungu imeanikwa kwa kamba. Niliipima kwa macho, nikarudi nyumbani nikakata yangu kwa shuka ya zamani. Ndani niliweka pamba, lakini si nyingi, maana kwa mwili mudogo ukizidisha pamba watu wanajua mara moja. Chini unaweka zaidi, juu unapunguza, halafu unapitisha mishono ili pamba isikimbilie kwapani. Nilishona mbili, moja yangu, moja ya Godeliva. Yangu niliijaribu mbele ya kioo, haya ikanishika, nikaifungia ndani ya sanduku. Yeye yake aliivaa misa ya sikukuu ya Bikira Maria.

Sasa musikie. Kulikuwa na kijana mumoja shofere wa lori, mutu wa Butembo, anayepakia mboga kule Kibumba. Kila akishuka Goma alikuwa anapita kwetu, ananiachia kabichi, anakaa kwa mulango kuongea na papa. Hakuwa amesema neno, lakini nani analeta kabichi bure? Mama alikuwa ameanza kumuita mukwe, kwa muchezo. Siku ile ya sikukuu tulitoka kanisani mimi na Godeliva, kijana akaja kutusalimia, na macho yake yakashuka yakatua pale kwenye kazi ya mikono yangu. Mimi niliona. Tangu siku ile kabichi zinashukia kwa akina Godeliva.

Wivu unanila, siwafichi. Nikimuona anatembea amenyoosha mugongo, ninataka kumuvua palepale njiani. Miezi yote hii nimejifariji na jambo moja: huyu kijana hapendi Godeliva, anapenda pamba yangu. Ningekuwa na uso mukavu siku ile, nikavaa yangu, leo ningekuwa mimi. Nilijiambia siku atakapojua, atarudi kwetu na kabichi zake.

Arusi ni kisha Pasaka. Padri amekwisha kuanza kusoma majina yao, na akisema mwenye kujua kizuizo aseme, magoti yangu yanataka kuinuka yenyewe. Nilimuendea katekista, nikamuuliza, kama vile ninamuulizia mutu mwingine, kama kumudanganya bwana juu ya mwili ni kizuizo. Akaniambia kizuizo ni undugu, ao ndoa iliyotangulia. Aliniangalia sana. Nikamuambia asante papa, nikaenda.

Juzi Godeliva akaja kwetu na kitambaa kipya cheupe. Anataka nimushonee nyingine ya arusi, yenye nguvu, maana watacheza mpaka jioni, na mama ya bwana anakuja na wamama wenzake wote wa Butembo kumuangalia. Na mimi ndiye ananitaka nisimame shahidi wake, karibu naye. Nikapokea kitambaa, nikakikunjua. Kisha nikamuuliza kile kilichokuwa kinanichoma:

«Na siku utakapoivua mbele yake, utamuambia nini?»

Akacheka kile kicheko chetu cha kule ziwani.

«Nimekwisha kumuambia, dada. Anasema yeye ni shofere, anajua muzigo uliofungwa vizuri. Anasema alijua tangu siku ya kwanza.»

Nilicheka naye. Alipoondoka nilikaa chini nikalia, na mama akadhani ni jino. Basi si pamba. Ni yeye mwenyewe anayependwa, na ule ubao wake, wenye kufanana na wangu kabisa. Afadhali angebaki anamudanganya.

Sasa sutien iko hapa kwa magoti yangu ninapoandika. Kwa kuume nimefunga na uzi mara mbili, hapo hata wakicheza juma nzima haitaachia. Kwa kushoto sindano inaning'inia. Nikiacha bila fundo, ngoma ikikolea pamba itaanza kushuka, mbele ya mama ya bwana na wamama wote wa Butembo, na mimi nitakuwa pale karibu, ninashika maua. Hakuna atakayejua. Bwana hatamuacha, ninajua sasa. Haya tu ndiyo itabaki kwake, na mimi ninaitamani ile haya yake hata usingizi sipati vizuri.

Dada zangu na mama zangu, nishaurini kabla ya Pasaka: ninafunga, ao ninaacha? Lakini anijibu mwanamuke mwenye amekwisha kuchekwa kifua. Ninyi wenye kujaziwa na Mungu, ninawaomba munyamaze.