Kabla ya Kuifungua Kamera ya Mjomba

Iko siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani nilipoiweka. Nilikuwa msichana mwenye kiburi cha kutosha wasichana watatu. Nilikuwa nimetoka kusomea ufundi wa redio, nikikaa Kyumbi kwa mjomba wangu Musyoka, mpiga picha, aliyenilea kama mtoto wake wa kuzaa.

Kesho yake ilikuwa ntheo ya dada yangu. Wajua, mbuzi wa ntheo wakishachinjwa, msichana ameshakuwa mke wa watu. Huwezi kuwaambia wazee warudie eti picha haikutoka. Na Mjomba alikuwa na kamera moja tu.

Mimi nami nilikuwa nimeunda kifaa cha kupima shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kujifunga upesi ili filamu ipate mwanga. Namulika tochi mbele ya kamera, naweka jicho la umeme nyuma, na sindano ya mita inaonyesha shata imekaa wazi kwa muda gani. Nilipoipima kamera ya Mjomba, sindano ikagoma kufika kwenye alama. Maskini, shata inajifunga mapema, picha zote zitatoka giza! Nikachukua bisibisi. Mjomba akaingia, akanishika mkono.

"Wewe Nduku, unataka kufanya nini?"

"Kamera ni mgonjwa, Mjomba. Kifaa changu kimesema."

"Na hicho kifaa kimepimwa na nani?"

"Kimepimwa aje? Si nimekiunda mimi!"

"Ndiyo maana nauliza. Pima tena."

Nikapima, nimenuna. Sindano ikashuka zaidi. Nikapima tena, ikashuka tena. Sasa kamera itazidiwaje na ugonjwa ikiwa imelala tu mezani? Nikaitazama tochi: mwanga umefifia, umekuwa wa manjano. Alama za mita nilizichora betri zikiwa mpya, na sasa betri zilikuwa zimechoka. Nikatia betri mpya, sindano ikapanda mpaka pale pale palipotakiwa. Kamera haikuwa na neno.

Mjomba alicheka hadi akashika kaunta. Niliona aibu, lakini lo, nilimpenda mzee yule! Hakukitupa kifaa changu nje. Alisema, "Ni kizuri. Sasa kifundishe adabu."

Picha za ntheo zilitoka. Katika moja mama yetu anacheka, mkono mdomoni, kwa sababu mbuzi mmoja alimponyoka shemeji. Mama hakumaliza mwaka ule. Sina picha nyingine akicheka. Ningeifungua kamera, hata hiyo nisingekuwa nayo.

Leo ninyi vijana mmezirudia kamera za filamu, mnaniletea nizitengeneze mpaka kutoka Lukenya, na vipimo vyenu vinasomeka kwenye simu. Undeni, wanangu, nafurahi sana. Ila nyani haoni kundule. Kabla hujamwambia mtu kitu chake ni kibovu, chunguza kwanza unachompimia, iwe mashine, iwe macho yako, iwe hasira uliyoamka nayo. Mkubwa akikuuliza swali linalokuudhi, mjibu polepole. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si matusi.

Mungu akutulize mkono, mwanangu, na akuwekee wazee wako miaka mingi, waendelee kukucheka.