Kichupa Kilichooshwa

Mke wangu huosha kila chombo kinachoingia kwetu Mugutha. Kopo la siagi, chupa ya dawa ya kikohozi, vyote husuguliwa na kuanikwa juani. Miaka yote nilimtania tu. Mwaka jana alinikasirisha kweli kweli.

Kipimo changu cha damu cha tezi dume kilikuwa kimepanda. Daktari wangu kule Thika akataka kunidunga sindano, atoe vinofu vya tezi vikachunguzwe kama kuna saratani. Nikakataa katakata. Sindano, huko nyuma? Ngai! Akaniambia, "Sawa, mzee. Tuanze na mkojo. Kuna alama ndani yake zinazoonyesha kama kuna hatari ya saratani kali. Zikiwa chini, tutasubiri. Zikiwa juu, utadungwa, na sitaki kelele." Nikakubali. Nikapewa kichupa nijaze nyumbani, mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Nilikiweka dirishani chooni. Siku yenyewe nikajaza, nikakimbia Thika. Binti wa maabara akakiinua kwenye mwanga. "Mzee, ile dawa ya kuhifadhi mkojo iko wapi? Ilikuwa chini humu." Haiya! Nikajua papo hapo. Nilimpigia mama watoto simu nikamfokea kando ya barabara, watu wakinigeukia. Akajibu polepole, "Niliona kina majimaji, nikadhani wamekupa kichafu."

Wacha niseme ukweli: moyoni nilifurahi. Nilikuwa nimepata kisingizio. Nilifika nyumbani nikatangaza kwamba hayo mambo yameisha, sirudi Thika tena kubeba mkojo kama mtu anayepeleka maziwa dairy. Kesho yake mama watoto alivaa nguo ya kanisani akaenda mwenyewe kuomba kichupa kingine. Mama ambaye hawezi kutaja tezi mbele ya watoto wake! Akarudi nacho, akanipa mkononi. "Baba, hiki sijakigusa. Jaza."

Nikajaza. Majibu yalikuwa juu, na sikuwa na pa kujificha. Nikadungwa. Ilikuwa saratani kweli, lakini ilikuwa bado imo ndani ya tezi, haijasambaa. Nilitibiwa, na leo namshukuru Mungu nakula, nalala, nalima sukuma wiki yangu.

Nilipomaliza matibabu daktari alinipa mkono. "Hongera, mzee. Wewe ulikuja mapema." Mama watoto alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani. Nikamwambia daktari hapana, mimi sikuja. Nililetwa na huyu.